Tezi ya MC Mihayo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya ratiba za harusi. Kurasa za nyuma nitaandika mambo yangu. Bernadina hasomi ratiba za harusi, anasema ukisoma moja umesoma zote. Hapa ni salama.

Hali yenyewe ni hii. Naenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Nikimaliza, sijamaliza. Nikikaa kwenye kiti kigumu, maumivu. Kule chini, katikati, mahali ambapo mtu wa miaka hamsini na mbili hawezi kuonyesha mbele za watu. Miezi minane sasa.

Si kwamba nimekaa tu. Nimepima. Maabara ya kwanza hapa Kalangalala: UTI. Ya pili: UTI na typhoid. Ya tatu: UTI sugu. Ya nne walisema minyoo, nadhani siku hiyo karatasi zilichanganyika. Kila mahali vidonge. Kila mara nafuu siku ya nne, siku ya tano naacha vidonge, siku ya kumi niko pale pale.

Mwamvua wa duka la dawa ananiuzia bila karatasi. Nimemwambia ni za jirani yangu. Kwa hesabu za Mwamvua, jirani yangu ndiye mgonjwa kuliko watu wote wa mkoa wa Geita.

Bernadina hajui. Nikibanwa naweka simu sikioni, naondoka haraka kuelekea nyuma ya nyumba nikisema halo, halo, ngoja nitoke, mtandao unasumbua. Amezoea. Mume akiwa MC lazima atafutwe.

Sijamwambia kwa sababu ya kaka Luka. Luka wa Buseresere alianza hivi hivi. Alipofika hospitali kubwa alikuwa hatoi hata tone. Wakamwambia ni saratani ya tezi dume, imeshatembea. Tulimzika mwaka juzi. Mimi nimejifunza. Hospitali kubwa siendi. Luka alikuwa anatembea vizuri mpaka alipokwenda.

Jumamosi ni send-off ya Loveness, binti wa Mzee Mayala mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Wageni mia nne. Saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Saa sita za kusimama. Enock aliitaka sana kazi hii. Enock huyu ameanza kujiita MC juzi tu, ana suti moja, ya rangi ya ndizi mbivu. Mzee Mayala alinichagua mimi. Enock ameomba kadi ya mwaliko, atakaa meza za mbele. Anasubiri nikosee.

Sitakosea. Mpango ninao.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango ulikuwa sala za kimya.

Choo cha ukumbi kiko nyuma ya jukwaa, hatua ishirini. Nikibanwa, nawaomba wageni wainamishe vichwa, wafumbe macho, tuombe kimyakimya dakika tatu. Nani atakataa sala?

Ya kwanza niliwaombea wazee waliotangulia. Nzuri sana. Mama mzazi wa Loveness alifuta machozi. Nilirudi jukwaani mwepesi kabisa, nikasema amina.

Ya pili, safari ya ndoa. Vizuri.

Ya tatu, keki. Hapo nilisikia minong'ono. Ya nne niliombea mvua. Mwezi wa sita, watu wanaanika mahindi.

Ya tano ilikuja ghafla, wakati shangazi wa kwanza anakabidhi kitenge. Sikupata hata muda wa kusema tunaombea nini. Nilisema tu tufumbe macho. Nilipotoka chooni nikakuta macho mia nane yamefumbuka, yote yananitazama nikifunga mkanda. Enock alikuwa ameshika kipaza sauti changu. Alikuwa anawashukuru wageni kwa uvumilivu wao, na wageni walikuwa wanacheka. Akaendelea na mashangazi. Akaendelea na kila kitu.

Mzee Mayala alinivuta pembeni. Nilijua atanigombeza. Kumbe mzee alikuwa na hofu usoni.

"Mihayo," alisema kwa sauti ndogo, "niambie kama mwanaume mwenzio. Kuna kitu unakijua kuhusu huyu kijana anayemuoa mwanangu?"

Nikasema hapana mzee.

"Sasa mbona tunaomba hivi?"

Nilisema roho ilinisukuma. Akaniuliza kama roho ndiyo ilisema tuiombee keki. Upande wa bwana harusi nao walishaanza kuulizana kama wanatuhumiwa kitu, na mjomba mmoja alikuwa anavaa koti aondoke.

Nimemeza vidonge viwili vya jirani. Nalala.

Jumapili, 8 Juni

Harusi yenyewe, tarehe 21, amepewa Enock. Nimesikia kanisani, kabla ya tangazo la kwanza.

Kinyozi wangu alinikuta nimekaa upande mmoja wa kiti na kuanza kuhubiri. Alisema kuna kliniki binafsi Shinyanga, ina daktari wa mambo ya mkojo tu. Mjomba wake alikwenda, akajulikana anaumwa nini. Ila kuna kipimo cha kidole. Nikauliza kidole gani. Kinyozi akaonyesha. Nikauliza kinawekwa wapi. Kinyozi akaonyesha pia, na mteja aliyekuwa anasubiri akaondoka bila kunyoa.

Nimefikiri mchana kutwa. Shinyanga hakuna anayenijua. Nitakwenda. Lakini kwa akili yangu, si kama mjomba wa kinyozi.

Akili yenyewe: ukijua mgeni anakuja, unafagia. Nimeenda kwa Mwamvua nikachukua vidonge vya aina tatu. Alisema jirani yangu bora apelekwe hospitali ya Bugando. Nitameza vyote kuanzia leo. Jumanne mkojo utakuwa msafi, daktari ataona hakuna kitu, na mtu asiye na kitu hapimwi kwa kidole.

Bernadina ameniuliza ni nani huyo ananipigia simu Jumapili nzima. Nimesema ni mtu wa Shinyanga anauza spika. Nitakwenda Jumanne kuziangalia. Akauliza spika gani za kupigia simu mara zote hizo. Nikasema ni spika kubwa.

Jumanne, 10 Juni

Basi la alfajiri kupitia Kahama. Kondakta alitangaza halisimami ovyo. Kabla ya Kahama nilimwomba tuchimbe dawa mara mbili. Mara ya kwanza abiria kadhaa walishuka na mimi, kwa kuniunga mkono. Mara ya pili nilishuka peke yangu, na basi zima likanitazama kupitia madirishani. Mama mmoja aliyebeba kuku alisema kwa Kisukuma kwamba hata kuku wake anajizuia. Alidhani sielewi. Tinde sikuomba, niliruka tu gari lilipopunguza mwendo. Kondakta alinirudishia begi kupitia dirishani akasema baba, Shinyanga si mbali, malizia na bodaboda.

Kliniki ni safi. Daktari ni mwanamke. Sikutegemea. Jina lake Daktari Zuhura, umri wa binti yangu Lusia, kajitanda ushungi mweupe. Aliniamkia shikamoo huku anavaa glavu. Sijawahi kuitikia marahaba kwa hofu kiasi kile.

Aliuliza maswali mengi. Tangu lini, mara ngapi, maumivu yako wapi, yanazidi wakati gani. Nilijibu kwa kipimo. Akauliza kama kuna mtu kwenye familia aliyeugua tezi dume. Nikasema hakuna. Luka anisamehe.

"Unatumia dawa yoyote sasa hivi?"

"Situmii."

"Hata za dukani, baba?"

"Mimi na dawa hatupatani."

Asubuhi ile nilikuwa nimemeza vinne.

Alinieleza taratibu, bila haraka. Tezi dume iko chini ya kibofu. Vijidudu vikijificha humo ndani, mkojo wa kawaida unaweza usivioneshe, ndiyo maana mtu anatibiwa UTI mwaka mzima na haponi. Kwa hiyo anachukua mkojo kwenye kichupa cha kwanza. Halafu anaikanda tezi kidogo kwa kidole. Halafu mkojo wa kichupa cha pili. Anavilinganisha. Alinipa vichupa vyote viwili vimeandikwa namba, akasema nianze na cha kwanza.

Nilipokuwa chooni nilipata wazo zuri sana. Nikajaza vyote.

Nikarudi nikampa namba moja. Akaniambia nipande kitandani, nilale kwa ubavu. Nikatoa namba mbili mfukoni, nikamwekea mezani.

"Hiki nacho tayari, daktari. Nimejikanda mwenyewe kule chooni."

Alikitazama kichupa. Akanitazama mimi.

"Umejikanda wapi, baba?"

Nilisema kiuno. Nesi aliyekuwa pale alipata kazi ya haraka ya kutafuta kitu chini ya meza. Daktari akavua glavu, akasema hawezi kumpima mtu kwa nguvu, mwili ni wangu. Atapeleka kichupa cha kwanza kioteshwe, waone kama kuna vijidudu. Akanipa daftari dogo. Kwa siku saba niandike kila ninachokunywa na kila ninapokwenda haja ndogo. Alisema niandike ukweli, maana yeye hana macho ya kuona nyumbani kwangu.

Nimeshinda. Kidole hakuna.

Jumamosi, 14 Juni

Daftari la daktari linanisumbua. Jana nilikwenda mara kumi na tatu. Kinyozi anasema mjomba wake aliandika kumi na mbili akafanyiwa operesheni. Kwa hiyo nimeandika tano. Juzi nimeandika nne. Leo nimeandika tano tena, halafu nikafuta nikaandika sita, ili isionekane nimetunga.

Kwenye vinywaji nimeandika maji glasi nane. Chai ya rangi vikombe saba sikuiandika, chai si kinywaji, chai ni chai.

Vidonge bado naendelea. Vimebaki vichache, navihifadhi kwenye mfuko wa ndani wa koti la harusi, mahali ambapo Bernadina hana sababu ya kupekua.

Enock amepita barabarani na suti ya ndizi anakwenda kikao cha kamati. Aliniuliza kama nimeona mvua tuliyoiombea. Watu wa genge la mama ntilie wote walicheka.

Jumanne, 17 Juni

Siku ndefu. Naandika nikiwa kwenye basi la kurudi. Bernadina yuko kiti cha pembeni, amelala, au anajifanya.

Nilimwambia asubuhi narudi Shinyanga kumalizana na mwenye spika. Alisema sawa, safari njema. Alisema vizuri mno. Ningepaswa kuogopa.

Daktari Zuhura alikuwa na majibu mezani. Mkojo haukuotesha kitu. Msafi kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikasimama, nikamshukuru, nikashika mlango.

Akaniambia nikae.

Alifungua daftari langu dogo. Tano, nne, tano, sita. Akasema hapa ndipo anapopata shida. Mtu ana maumivu miezi minane. Mkojo hauna vijidudu. Kwenda haja ni kawaida kama kijana. Kwa hiyo haielekei ni maambukizi, na kama si maambukizi lazima atafute kitu kingine, labda uvimbe, na kwa hali hiyo anataka kunipeleka kwa mtaalamu nipitishwe kamera.

Nikauliza kamera inapitia wapi.

Alinieleza inapita njia ile ile ya mkojo, kuelekea juu.

Nilikaa. Nikaangalia kalenda ukutani. Nikasema labda hiyo tano niliandika ya asubuhi peke yake. Akauliza na ya jioni je. Nikasema ya jioni ilikuwa nyingine tano. Akachukua kalamu. Akauliza na usiku. Nilikuwa natafuta namba ya usiku mlango ulipofunguliwa.

Bernadina. Kanga ya juu, begi mkononi, vumbi la Kahama mpaka kwenye nyusi. Alipanda basi la nyuma yangu. Nyuma yake nesi anamvuta akisema mama huruhusiwi.

Alimtazama daktari kuanzia ushungi mpaka viatu. Halafu akanitazama mimi.

"Kwa hiyo spika ndiyo hii."

Nikafungua mdomo. Akaniinulia mkono.

"Nyamaza, Baba Lusia. Leo unanisikiliza mimi." Akamgeukia daktari. "Wewe mwanangu, najua ni msomi, sikutukani. Huyu ni mume wangu, miaka ishirini na sita. Tangu mwezi wa kumi anatoka nje na simu kila dakika. Nimehesabu. Jumapili ile, mara kumi na nne. Jana, kumi na tano. Mume gani anaongea na mwanamke mara kumi na tano kwa siku na simu yenyewe haijawahi kulia?"

Akafungua begi, akamwaga mezani vidonge vyangu. Pakiti zote, pamoja na zile tupu.

"Na hizi nimezitoa kwenye koti lake. Nilimpelekea Mwamvua, akasema ni za magonjwa ya chini. Mwambie aseme amekuambukiza au wewe ndiye uliyemwambukiza."

Nilitamani sakafu ya kliniki ipasuke. Lakini Daktari Zuhura hakukasirika hata kidogo. Alizipanga pakiti moja moja, akazisoma, akazigeuza. Kisha alimvutia Bernadina kiti.

"Shikamoo mama. Karibu ukae. Umesema mara kumi na tano?"

"Marahaba. Kumi na tano."

"Na usiku?"

"Mara tano, mara sita. Akirudi anakaa kitandani ameshika hapa," akajishika chini ya tumbo, "anasema ni ndoto mbaya."

"Anakunywa nini?"

"Chai. Birika zima. Asubuhi na jioni."

Daktari aliandika kila kitu. Kisha akanigeukia, sauti ile ile ya upole. Alisema hizi ni antibayotiki za aina tatu. Alisema mtu akimeza hizi halafu akapima, vijidudu vinafifia kwenye kichupa, lakini kule kwenye tezi vinabaki vimetulia vikisubiri. Hakuna maabara itakayoviona. Ningepitishwa kamera bure, kwa sababu ya vidonge vyangu mwenyewe. Akauliza tena, mara ya mwisho, kama kuna mtu kwetu aliyeugua.

Bernadina alijibu kabla yangu. "Kaka yake. Luka. Alikufa nayo."

Ndipo Bernadina akaelewa, niliona jambo linavyomwingia. Alinitazama.

"Ndiyo hii umekuwa unaificha?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuweza kusema. Mimi MC.

"Miezi minane nalala na mwanamke asiyekuwepo," alisema. "Nimemchukia mpaka nikampa jina. Kumbe ni tezi." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na nesi naye akageukia dirishani.

Nikamuuliza daktari kama nina ya Luka. Alisema hajui. Hatanidanganya kwamba anajua. Atachukua damu leo, na hiyo itasaidia. Niache vidonge vyote wiki mbili, nisimeze hata kimoja, kisha nirudi tupime upya, mara hii kwa vichupa vyote viwili, kwa utaratibu wake, si wangu.

Tuko karibu na Tinde. Nimebanwa. Bernadina amefumbua macho, amemwita kondakta, amesema kwa sauti ya basi zima: simamisha gari, mume wangu anaumwa tezi. Basi limesimama palepale. Mzee mmoja kiti cha nyuma ameomba ashuke na mimi.

Jumatano, 18 Juni

Bernadina amekwenda kwa Mwamvua kabla ya chai. Amemwambia jirani amekufa.

Jumanne, 1 Julai

Wiki mbili bila kidonge. Maumivu yamerudi yote na ndugu zake. Chai nimepunguziwa hadi kikombe kimoja, na Bernadina anakipima kwa macho.

Leo kipimo. Bernadina alikaa nje ya pazia, akinisemesha habari za mahindi. Kichupa cha kwanza. Kisha nikalala kwa ubavu. Nilijaribu kwa mara ya mwisho kumwuliza daktari kama hakuna mtu mzima zaidi pale kliniki. Akasema yupo mlinzi.

Nilikuwa nimekiogopa kidole kile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nikaanza kutaja wageni wa meza kuu kichwani ili nipoteze mawazo. Nilikuwa sijafika hata kwa baba mkubwa wa bibi harusi, akasema tayari, pole baba, chukua kichupa cha pili. Ilikuwa haipendezi. Iliuma kidogo alipobonyeza. Lakini imekwisha. Imekwisha hivyo tu.

Nikiwa navaa nilikumbuka sala ya keki, basi, vichupa, spika. Nikaona aibu kubwa. Sikuiandika kwenye daftari la daktari, naiandika hapa.

Ijumaa, 4 Julai

Daktari Zuhura amepiga simu. Nilikuwa nyuma ya nyumba. Bernadina aliipokea, akaweka sauti ya nje, akanifuata hadi mlangoni mwa choo.

Damu ni nzuri. Kichupa cha kwanza vijidudu vichache. Cha pili vimejaa. Ni maambukizi sugu ya tezi dume. Tezi haina uvimbe wa kutisha. Kwa alivyoona, si ya Luka. Atarudia kunipima damu baadaye kwa sababu ya ukoo.

Sikutoka kwa muda. Nilikaa mle ndani nimeegemea bati. Bernadina alikuwa upande wa pili. Nilimsikia akipumua. Mwishowe alisema toka basi, chai ipo, leo kunywa viwili.

Dawa ni moja tu, ile ambayo vijidudu vyangu vinaiogopa, kwa wiki sita. Daktari alirudia mara tatu. Wiki sita. Hata ukijisikia mzima. Usiache, usigawe, usichanganye na nyingine. Bernadina ameandika ukutani kwa mkaa, na anasema kila asubuhi atahesabu vilivyobaki kwenye pakiti.

Jumamosi, 19 Julai

Mzima kabisa. Siku ya kumi na tano. Asubuhi niliendesha kikao cha kamati ya harusi moja saa tatu nzima bila kutoka. Kwa mtu mwenye afya kama hii, wiki nne zilizobaki ni za kupoteza tu. Daktari ni mzuri, lakini bado kijana. Vijana wanapenda kuzidisha.

Enock alinikuta kwa kinyozi. Suti ya ndizi imepwaya. Alisubiri watu watoke, akaniita kaka, neno ambalo hajawahi kuniita. Akasema kwenye harusi ya Loveness alitoka mara saba, Mzee Mayala ameanza kumtazama vibaya. Anaumwa huku chini, miezi mitatu. Amepima, wamemwambia UTI. Akauliza mimi nilifanyaje.

Nilimwangalia kwa makini. Alivyokaa, upande mmoja. Rangi ya macho. Nikajua papo hapo, bila kichupa wala kidole. Tezi, aina ile ile ya kwangu. Nimeshakuwa na uzoefu.

Nikamwambia asihangaike na nauli ya Shinyanga. Nimempa vidonge vyangu vya wiki tatu, nimebaki na vya wiki moja kwa dharura. Kwa shukrani amejitoa kwenye harusi ya tarehe mbili Agosti, nimeipata mimi. Nimemshauri pia, siku akiamua kwenda kupima, ajisafishe kwanza kwa vidonge siku mbili tatu, majibu yatoke mazuri, asimtie daktari wasiwasi.

Pakiti ya nyumbani nimeijaza peremende nyeupe kutoka dukani. Zinafanana sana. Kesho Bernadina atahesabu na hesabu itatimia, na mimi nitameza moja mbele yake kila asubuhi na maji. Zina ladha nzuri.

Nimeanza kufikiria kuchapisha kadi mpya. Mstari wa juu: MC Mihayo, Harusi na Send-off. Chini yake, kwa maandishi madogo ya heshima: Ushauri wa Tezi.

Leo jioni nimehisi kitu kidogo kule chini, na nimetoka nje mara mbili tatu. Itakuwa ni baridi ya Julai.